Mikono Ionekane: Raia Mbele ya Askari Mwenye Bunduki

(Hotuba iliyosomwa Rwamgasa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, na kuchapishwa hapa kwa ombi la wanachama.)



Barua ya Katibu ilinitaka niseme juu ya "Nafasi ya Msomi Katika Maendeleo ya Kijiji". Hotuba hiyo niliiandika, ninayo hapa mkononi, kurasa 12, na atakayeitaka nitampa. Lakini sitaisoma. Jana jioni, baada ya mpira, niliketi na vijana saba wa Kidato cha Tatu nyuma ya bwalo. Mmoja wao akaniuliza: "Kaka, ukiwa mwaloni usiku, wakaja askari na bunduki wakasema simama, unasimama au unakimbia?" Kabla sijafungua kinywa, sita kati yao walikwisha kunijibia. Walisema unakimbia. Yule wa saba alisema inategemea kama una mbio. Wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda kulala na usingizi haukuja.

Basi nitasema juu ya jambo hilo. Nasema kama mwanafunzi wa zamani na mtoto wa machimboni, wala si kwa niaba ya ofisi inayoniajiri. Mimi si wakili, wala sijapata kuvaa sare isipokuwa ile ya shule hii.

Mwaka 1998 nilikuwa Kidato cha Tatu, na likizo ya Desemba niliitumia kama wengi wenu mnavyoitumia hata leo, ingawa walimu hawapendi kusikia: nilikwenda kubeba mawe. Wakati huo Geita ilikuwa bado Mkoa wa Mwanza. Mjomba wetu alikuwa na duara lililokuwa limeanza kutoa. Usiku mmoja kaka yangu, aliyenizidi miaka mitano, aliniamsha tuhamishe viroba kutoka shimoni kuvipeleka kwenye karasha, maana mawe yakilala nje huibwa. Mawe yalikuwa yetu. Nakala ya kibali cha mjomba kaka aliitia katika mfuko wa shati, akaufunga mfuko kwa pini ili karatasi isidondoke.

Tulikuwa njiani, kila mtu na kiroba chake begani, tochi ikatumulika na sauti ikapiga kelele: "Simameni hapo!" Kaka alitupa kiroba akakimbia. Mimi sikukimbia. Msidhani nilikuwa na akili kuliko yeye, magoti yalikataa. Nikasikia mlio mmoja wa bunduki, na baada yake mlio mwingine ambao haukuwa wa bunduki. Risasi haikumpata. Alikuwa ametumbukia katika duara la zamani, lililoachwa bila kufukiwa wala kuwekewa uzio, akavunjika nyonga. Askari wenyewe ndio waliosaidiana na watu wa jirani kumtoa kwa kamba. Alipolazwa juu ya udongo, ile karatasi ilikuwa bado mfukoni, na pini yake mahali pake.

Baadaye tuliambiwa kwamba askari wale walikuwa wakiwafuata watu walioiba mashine ya kuvutia maji. Hawakuwa wakitutafuta sisi kabisa.

Mnaweza kuuliza, mtu asiye na kosa, tena mwenye karatasi, alikimbia nini? Mimi nilimwuliza hivyo hospitali, kwa ukali wa kijana mjinga. Akanijibu kwa neno moja: "Bulyanhulu." Agosti 1996 alikuwa kule Kahama wakati wachimbaji wadogo walipoamriwa kuondoka ili eneo lichukuliwe na kampuni, nao polisi wakasimamia. Maelfu ya watu walitoka na mabegi yao vichwani. Yaliyosemwa baadaye juu ya watu kufukiwa mashimoni yalibishaniwa kwa miaka mingi, hata nje ya nchi. Kaka aliondoka mapema, hakudai kuyaona. Alichotoka nacho kule ni fundisho moja tu, kwamba ukiona sare, shika njia. Fundisho hilo ndilo lililomtupa shimoni miaka miwili baadaye, na ndilo nililolisikia tena jana nyuma ya bwalo, kutoka kwa vijana ambao mwaka 1996 wazazi wao hawakuwa hata wamefahamiana.

Sasa niseme kidogo juu ya mtu wa upande wa pili wa tochi. Katika kazi yangu niliwahi, katika mkoa mwingine, kufuatana na askari waliokwenda usiku kuwaondoa watu katika msitu wa hifadhi. Mimi nilikuwa na makaratasi, wao walikuwa na bunduki. Nilikaa karibu na kijana wa miaka ishirini na kitu, na njia nzima goti lake lilikuwa likitikisika. Nilimwuliza, ukimmulika mtu gizani unatazama nini kwanza? Akasema: "Mikono, mzee. Uso hauuwi mtu."

Nililikumbuka neno hilo kila niliposoma habari za askari kuuawa. Septemba 2014 kituo cha polisi cha Ushirombo, hapa hapa mkoani kwetu Geita, kilivamiwa usiku, askari wawili wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Mwaka uliofuata, Julai, ikawa zamu ya kituo cha Stakishari kule Dar es Salaam. Askari anayetoka doria usiku katika machimbo anayajua hayo, na mkewe anayajua. Sisemi haya ili nimtetee anayefyatua risasi ovyo. Nasema ili mjue kwamba mbele yenu pana watu wawili wenye hofu, na mmoja wao ameshika bunduki.

Basi ukisimamishwa, simama. Simama pale pale ulipo, hata kama ni penye tope. Anayekimbia humfanya askari aamini kwamba amempata yule aliyekuwa akimtafuta. Na hapa kwetu iko sababu nyingine ambayo wenzetu wa mjini hawanayo: anayekimbia gizani Rwamgasa hajui shimo liko wapi, hata akiwa amezaliwa hapa, kwa kuwa mashimo huongezeka usiku na mchana.

Ukishasimama, achia ulichoshika. Nyundo, tindo, sululu, panga, kwako ni vyombo vya kazi. Kwa mtu anayekuona kwa mwanga wa tochi ni silaha. Usivirushe, viachie vianguke miguuni pako. Kisha mikono iende juu au mbele, vidole vikiwa wazi. Usiitie mfukoni kwa sababu yoyote, iwe ni kitambulisho, iwe ni simu. Mara nyingi nimewaza kwamba kama kaka angesimama usiku ule, halafu kwa kujiamini akaingiza mkono haraka kifuani ili atoe ile karatasi, huenda leo ningekuwa nasimulia msiba. Mtu husema kwanza, kisha husubiri: "Afande, karatasi iko mfuko wa shati. Niitoe?" Akikwambia itoe, itoe polepole. Akikwambia usiitoe, basi; itatoka baadaye.

Wale wanaovaa tochi ya kichwani wana hatari yao peke yao. Ukimgeukia askari umemtia mwanga machoni, naye hauoni mkono wako hata ukiwa juu. Geuza uso kando. Na jambo jingine ambalo wageni hawawezi kuwaambia: mkiwa wawili au watatu, msianze kusemezana Kisukuma mbele ya askari. Ninyi mnaulizana kama mama amekwisha kulala. Yeye asiyejua lugha, aliyetoka Mtwara au Kilimanjaro, anasikia mnapanga. Semeni Kiswahili, na aseme mmoja.

Wakubwa wenzangu mliokuja na magari, msitabasamu. Zamu yenu imefika. Kizuizini usiku, washa taa ya ndani, teremsha kioo, weka mikono yote miwili juu ya usukani. Huko Marekani wazazi weusi huwafundisha watoto wao jambo hilo hilo kabla hawajapata leseni ya udereva, na huwafundisha kwa uchungu. Sisi ugonjwa wetu ni ule wa kufungua mlango, kushuka, na kumwuliza askari: "Unajua mimi ni nani?" Hajui. Na usiku, penye kizuizi, hataki kujua. Anataka kuiona mikono yako.

Asubuhi hii ndugu mmoja aliniuliza, je, kama si askari bali ni majambazi waliovaa sare? Hilo ni swali la kweli kwa mtu anayelala karibu na dhahabu. Jibu langu ni kwamba bunduki ikiwa imekwisha kukuelekea, huna nafasi ya kuchunguza. Fanya yale yale. Mawe huchimbwa tena. Lakini bunduki ikishuka na maneno yakaanza, hapo waweza kuomba kwa adabu akutajie jina na kituo chake, na asiye na sare aonyeshe kitambulisho. Waweza kuomba mambo yazungumzwe kituoni, au walau kwa mwenyekiti wa kitongoji, penye taa na watu. Askari wa kweli mara nyingi hilo halimsumbui.

Liko jambo ambalo haya niliyoyasema hayalitoshi, nalo ni umati. Mei 16, 2011, kule Nyamongo, Tarime, watu wengi waliingia katika mgodi wa North Mara kutafuta mawe yenye dhahabu, polisi wakafyatua risasi, na watu wasiopungua watano wakafa. Katika kundi la watu mia, mikono yako miwili haionekani. Aliyekuja na jiwe mkononi na aliyekuja kutazama tu wanakuwa kitu kimoja machoni pa mwenye bunduki. Kijana akiniambia, "Mimi nilikwenda kuangalia tu," namwambia kwamba risasi haiulizi ulikwenda kufanya nini. Ukisikia kundi limekusanyika mgodini na polisi wameitwa, elekea upande mwingine, tena mapema, wakati ambapo kuondoka bado kunaitwa kutembea.

Sasa, ndugu zangu, nisije nikawadanganya. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini walitoka Mahenge, Wilaya ya Ulanga, wakaenda Dar es Salaam kuuza vito. Walikamatwa na polisi pamoja na dereva wa teksi, wakiwa hai, wakachukuliwa hadi msitu wa Pande, wakauawa kwa risasi wote wanne. Taarifa iliyotolewa kwa wananchi ilisema walikuwa majambazi waliouawa katika kurushiana risasi na polisi. Watu wale walikuwa wametii. Hawakukimbia. Yafaa mlijue hilo kabla hamjayapokea maneno yangu kana kwamba ni hirizi. Mwenye nia ya kuua hazuiliwi na mikono iliyo juu. Nami nimelipima jambo hili miaka mingi, na bado nasema simama, kwa sababu wanaotusimamisha karibu wote hawana nia hiyo. Wana hofu, au haraka, au wamekosea mtu. Mikono hutuokoa kwa hao. Kwa wale wachache wengine, mikono haisaidii, na mbio hazisaidii.

Lakini tazameni yaliyofuata. Ndugu wa marehemu hawakuikubali ile taarifa. Walisema wazi, kwa majina, kwamba watu wao hawakuwa majambazi, bali wafanyabiashara wanaojulikana. Rais Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, nayo ikakuta kwamba hapakuwa na kurushiana risasi kokote. Maofisa na askari walishtakiwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru; mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja kwa mauaji. Wako wanaosema mmoja ni wachache mno kwa roho nne, wala sina la kuwajibu. Ila jina la ujambazi liliondolewa juu ya wale marehemu, na halikuondoka lenyewe.

Hapo ndipo sisi nyumbani kwetu tuliposhindwa, na nitalisema ingawa si habari ya sifa. Kaka alilala hospitali miezi. Baba, Mungu amrehemu, alisema tushukuru hakufa, tusitafute maneno na serikali. Hakuna aliyeandika kitu. Nilipomaliza chuo kikuu na kuanza kazi nilijiona sasa ni mtu wa kujua njia za ofisi, nikasema nitalifuatilia jambo hili. Nilifungua daftari jipya. Niliandika "Tarehe", nikakwama. Mama alisema ilikuwa kabla ya Krismasi, mjomba alisema baada. Jina la askari hata mmoja hatukuwa nalo. Gari walilokuja nalo, hatukujua hata rangi. Fomu ya polisi ya matibabu haikuwahi kuchukuliwa. Cheti cha hospitali kilikuwa kimeandikwa "alianguka". Watu waliovuta kamba usiku ule walikwisha kuhama, kama wachimbaji wanavyohama, kufuata mahali palipotema. Mimi niliyekuwapo, niliyesimama hatua kumi kutoka kwa aliyefyatua, mwenye Kidato cha Tatu na kalamu mfukoni, sikuwa nimeandika hata mstari mmoja. Daftari hilo ninalo hadi leo, limeandikwa neno moja.

Kwa hiyo wadogo zangu, pale penye bunduki usishindane. Lakini ukishatoka pale, usiku huo huo, kabla ya kulala, andika. Saa ngapi, wapi, wangapi, walisema nini, jina lililoshonwa kifuani kama lilisomeka, namba za gari, zile zinazoanza na PT. Andika majina ya waliokuwapo na wanakopatikana. Mwenye kuumia apelekwe hospitali kwanza na aombe fomu namba 3 ya polisi, PF3. Najua mtacheka kwamba fomu yenyewe hutolewa na polisi. Cheka, halafu kaichukue. Kama hukuipata, mweleze daktari ukweli wa kilichokuumiza, auandike. Neno "alianguka" ni fupi, lakini limetugharimu sisi miaka yote.

Juu ya simu za siku hizi nina neno moja. Picha ni shahidi mzuri. Septemba 2, 2012, mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa amezungukwa na polisi, na picha zilizopigwa siku ile zilionekana nchi nzima. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Lakini picha hupigwa na yule aliye mbali na aliye salama. Aliyeelekezewa bunduki asinyanyue simu.

Nisisahau upekuzi, kwa maana katika machimbo ndiko kunakoleta ugomvi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka askari amwambie mtu sababu ya kumkamata, na inamkataza kutumia nguvu kuzidi inayohitajika. Kupekua nyumba kwa kawaida huhitaji hati, ingawa ya dharura ipo. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke. Na askari akichukua kitu chako, anapaswa kukuandikia risiti, nawe utie sahihi na mashahidi watie. Wachimbaji wengi hawalijui hili la risiti, au wanalijua na kuona haya kulisema. Dhahabu ya pointi tatu ikiondoka bila risiti, kesho haikuwapo. Usiishike mkono wa askari, usimkimbilie, sema tu, mbele ya watu, "Afande, naomba tuiandike." Akikataa, na hilo nalo liingie katika daftari.

Kituoni una haki ya ndugu yako au wakili kujulishwa uko wapi. Usitie sahihi maelezo ambayo hujayasoma. Ninyi mnaosoma shule hii mnaweza kuyasoma, kwa hiyo yasomeni, hata kama mpelelezi anatazama saa. Mtu anapaswa kupelekwa mahakamani ndani ya saa 24, na ikishindikana afikiriwe dhamana, isipokuwa makosa mazito. Dhamana hailipiwi. Najua wako wanaotoa kitu haraka ili mambo yaishe. Anayetoa naye ana kosa, tena amemfundisha askari huyo njia ya kurudi. Toka mwaka 2019 tuna soko la madini pale Geita mjini, na mwenye leseni na risiti zake hana cha kununulia usingizi. Asiye nazo, azitafute. Hotuba yangu haiwezi kumsaidia.

Malalamiko hupelekwa kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya au wa Mkoa, na kwa maandishi, nawe ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001, nayo hupokea bila malipo. Baba yangu angesema hayo ni kutafuta maneno na serikali. Mimi ni mtumishi wa serikali, nami nawaambia kwamba ofisini jambo lisiloandikwa huwa halikutokea.

Wazee mliopo hapa mnaikumbuka mwaka 1976, katika mikoa hii yetu ya Mwanza na Shinyanga. Vikongwe walikuwa wakiuawa kwa kushukiwa uchawi, vyombo vya dola vikaingia kuwasaka wauaji, watu wengi wakakamatwa, wakateswa, na wapo waliofia kizuizini. Nia ilikuwa kuwalinda wazee, na bado yakatokea hayo. Mambo yale yalichunguzwa, na mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, na waziri mwenzake, na wakuu wa mikoa yote miwili. Mzee Mwinyi hakumgusa mtu kwa mkono wake. Alijiuzulu kwa sababu polisi walikuwa chini ya wizara yake. Baadaye maofisa kadhaa walishtakiwa, wakatiwa hatiani. Watu waliotoka vizuizini mwaka ule walikuwa wakulima, wengi wao bila darasa hata moja, na yaliyowapata hayakubaki siri yao.

Kaka yangu yupo hapa. Ameketi pale chini ya mwembe, na fimbo yake, na wengi mmempita asubuhi mkimwamkia bila kumjua. Nilimwomba ruhusa jana usiku kabla ya kuibadili hotuba. Aliniambia niseme yote, ila nisiseme kwamba alikuwa mwoga. Basi hakuwa mwoga. Wale vijana saba wa nyuma ya bwalo, wakati wa chakula nendeni mkamwamkie, na anayetaka kumwuliza jambo amwulize yeye. Karatasi ya mjomba anayo mfukoni. Leo ameileta, nami nimeiona.